Saa ya Baba Mkwe kwa Dalali

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimeamua. Saa inauzwa! Imelala kwenye droo bure, saa ya Uswisi ya kutia ufunguo, umri wake unazidi wangu, na mimi muda natazama kwenye simu. Baba mkwe alinivalisha mkono wa kushoto siku ya harusi, mbele ya ukumbi mzima, akasema kuanzia leo mimi ni mwanawe. Asante sana. Mwanawe sasa anahitaji mashine ya kutotolesha vifaranga. Kinyerezi yote inakula kuku, halafu vifaranga tunawafuata mbali! Mwaka huu natoka kimaisha.

Mke wangu Kokuberwa hajui. Nimemwambia saa iko kwa fundi. Uongo mdogo, wa maendeleo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeipeleka Kipawa kwa Mbwana, dalali. Anauza viwanja, friji, pikipiki, chochote. Ameipiga picha kila upande. Anasema hiyo ndiyo mali, Wazungu wanazitafutaga sana. Nilijua!

Ana sharti moja: mwenye mali na mteja hawapeani majina wala namba mpaka siku ya kukabidhiana, naye awepo katikati. Wakijuana mapema watamzunguka, cha juu chake kife. Nikamwambia hilo ndilo ninalolitaka mimi. Siri ibaki siri. Tumepeana mikono.

Jumapili, 8 Juni

Nimecheka mpaka Koku kaniuliza nina nini. Tumetoka kanisani tu, kapiga dalali wa Gongo la Mboto. Eti kasikia napenda vitu vya zamani, ana saa kali, hajawahi kuona nyingine kama hiyo. Katuma picha. Saa yangu! Hata kidole changu gumba kimo. Bei kapandisha mara mbili. Nikamshusha bei kidogo kwa raha zangu, nikakata simu.

Picha inazunguka kwenye status za watu. Vizuri. Kitu kinachogombewa ndicho chenye thamani.

Jumatano, 11 Juni

Mteja kapatikana! Mbwana anasema ni mzee mstaarabu, bei hajabishia. Nikauliza ni nani. "Braza, acha hizo," kanijibu, "tumeshaongea mie na wewe." Haya. Jumamosi, ofisini kwake.

Koku kauliza fundi anamaliza lini. Nikasema anasubiri kipuri. Siku hizi nayajibu maswali bila hata kupepesa jicho.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Niandike hivyohivyo.

Mteja ni baba mkwe. Mzee Revelian mwenyewe, kofia yake, fimbo yake. Mbwana kachangamka: "Mzee, huyu ndiye mwenye mali." Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba kama anavyomwitikia konda wa daladala. Akakaa.

Alinijua! Alinitazama usoni sawasawa. Kisha akaigeuza saa, akaitia ufunguo, akaiweka sikioni. Muda wote huo anaongea na Mbwana tu. Anasema binti yake wa mwisho, Jovina, anaolewa mwezi ujao. Mkwe wa kwanza alimvalisha saa, hataki wa pili ajione mnyonge. Ameona picha ya saa inayofanana na ile kabisa, akamshukuru Mungu.

Kama picha aliitambua tangu mwanzo, sijui. Naona aibu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nikasema, baba, ichukue, sitaki kitu. Hakunitazama. "Mwambie mwenye mali mimi sikuja kuomba," akamwambia Mbwana, "nimekuja kununua." Mbwana naye, mjinga, akanigeukia na kunirudia maneno yote kama vile sikusikia! Mzee akalipa yote, akaivaa palepale, akasimama. Mlangoni ndipo akasema na mimi, taratibu, kama vile kwa upole.

"Siku ya harusi ya Jovina, mwanangu, vaa shati la mikono mirefu."

Basi. Hakuna ngumi wala tusi. Kaenda zake.

Hela ninayo. Inatosha mashine, na inabaki. Njia nzima nilikuwa najisemea, Isack, umefanya biashara halali, mali yako, mteja kalipa. Jumatatu nakwenda kuinunua mashine. Nakwenda. Mzee si mtu wa maneno, angetaka kunivunja angenivunja mbele ya Mbwana.

Simu ya Koku imeita. Ni baba yake. Koku yuko hapo uwani, anaanua nguo, simu kaibana kwa bega. Wanaongea Kihaya, na mimi miaka yote hii nimejifunza kusalimia tu. Anacheka. Kataja Jovina, kacheka tena.

Sasa nguo kaziacha kwenye kamba. Anasikiliza tu, na anautazama mkono wangu wa kushoto.