Wewe ni Jirani au ni Mpango?

Mpendwa Bi Assumpta,

Nakuandikia unisaidie, na tafadhali badilisha jina langu, maana gazeti lako linasomwa mtaa mzima na mimi nimeshachoka kutazamwa. Nilizaliwa hapahapa mtaani Poblenou, katika Kichochoro cha Wasuka Kamba, kile kifupi chenye vijumba vya chini, ambacho mwisho wake kuna ukuta wa kiwanda cha zamani na hakitokei popote, na sasa nafanya kazi ndani ya kiwanda hichohicho, kwa sababu kimegeuzwa ofisi ya mpango wa mtaa wa ubunifu, ule wa kuwaunganisha watafiti wa chuo kikuu, kampuni na wakazi, na dirisha langu la ghorofa ya tatu linatazama moja kwa moja nyumbani kwa baba.

Usiniambie mpango ni mbaya, si mbaya, nimeupigania. Joto linalotupwa bure na mashine za maabara litapita kwenye mabomba hadi nyumba za wazee ambao kila Januari wanalala na makoti, mapaa yatawekwa sola, na kutakuwa na karakana ambapo vijana wetu watajifunza kazi pamoja na watafiti badala ya kuwapelekea kahawa tu. Tatizo ni ukuta. Mkuu wetu, Profesa Bruguera, kila siku anasema "kila njia itokee", na kwenye ramani yake kichochoro chetu kimepakwa rangi nyekundu kama kasoro, kwa hiyo ukuta uvunjwe ili watu wanaoshuka kwenye tramu wapite humo kwenda maabara, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa skuta. Na mimi najua kwamba watu wanaishi humo vile wanavyoishi kwa sababu hakitokei: jioni za kiangazi kila mtu anatoa kiti chake nje kupunga upepo, usiku wa sikukuu ya Sant Joan meza moja inanyooshwa kutoka mlango wa kwanza mpaka ukutani, na hayupo wa kuja kukuambia pisha.

Kuwauliza wakazi, tuliwauliza. Profesa aliitisha kikao cha ushirikishwaji Jumapili saa saba mchana, saa ya vermut, ile divai ambayo mtaa mzima huinywa pamoja kabla ya chakula, Bi Assumpta! Nikamwambia hiyo saa hatapata mtu, akanijibu kwamba Jumapili kila mtu ana nafasi. Walikuja watu wanne kubandika maoni yao ubaoni kwa vikaratasi vya rangi, na mmoja aliingia akimfuata mbwa wake aliyenusa nyama ya mezani. Ripoti ikaandikwa kwamba wakazi hawana pingamizi.

Basi chama cha majirani kikaitisha mkutano wake chenyewe, jioni, na ukumbi ukajaa mpaka watu wakakalia madirisha. Viti vilikuwa vimepangwa pande mbili, mwenyekiti akatangaza, "Majirani kulia, mpango kushoto." Mimi nikabaki mlangoni. Bi Roser wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akageuka na kiti chake chote.

"We Queralt, mbona umesimama hapo kama mwavuli? Wewe ni jirani au ni mpango?"

"Bi Roser, mimi jamani ni…"

"Kama ni jirani, kaa hapa, nimekuwekea nafasi. Na kama ni mpango, kamwambie huyo mkubwa wako mimi saa ya vermut simbandikii mtu vikaratasi vya rangi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata mimi nikacheka, kisha miguu ikanipeleka kushoto, nikakaa karibu na Profesa. Baba alikuwa kulia, safu ya mbele. Hakunitazama.

Tangu siku hiyo baba hatoi kiti chake nje. Jioni naviona viti vyote kutoka juu, cha Bi Roser, cha mzee Ferriol, na kati yao pengo ambalo hakuna anayelikalia. Baba yuko ndani, nyuma ya pazia lake la vibao, na nikiwasha taa ya mezani kwangu naona vibao vinasogea kidogo, kisha vinatulia. Kanuni ya kazi inasema tusizungumze na wakazi kuhusu mpango nje ya vikao, kwa hiyo sishuki, nakula mkate wangu wa nyanya dirishani, halafu napanda treni kurudi Sabadell, mji wa jirani, kwenye chumba cha kupanga ambacho mpaka leo sijatundika hata picha. Nina hamu na kwetu, Bi Assumpta. Nina hamu ya baba kunigombeza kwamba nimekonda, ya kusikia wanavyobishana habari ya mpira kwa sauti ya kuvunja vioo, ya kukaa tu pale nisiulizwe neno. Nikisema hadharani ukuta ubaki, nitaambiwa napendelea kwetu na nitatolewa kwenye kazi ninayoipenda. Nikinyamaza, watauvunja baada ya kiangazi, na mimi sitakuwa na uso wa kukanyaga pale tena maisha yangu yote. Nifanye nini?

Mwenye Hamu, Poblenou

*

Queralt mpenzi (ndilo jina nililokupa, ingawa ukishataja ukuta, ghorofa na pazia la baba yako, sijui ulitaka nikufiche wapi),

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira, na hasira yenyewe naanza nayo. Hiyo kanuni ya kazi umeisoma vizuri? Umeniandikia mwenyewe kwamba inakukataza kuzungumza na wakazi kuhusu mpango. Haikukatazi kula na baba yako. Haikukatazi kumuuliza afya yake inaendeleaje. Umeona aibu ya kile kiti cha kushoto, ukatafuta mahali pa kujificha, ukaipata kanuni. Mtu anayelilia nyumbani kutoka ng'ambo ya bahari namuelewa. Wewe unalilia nyumbani ukiwa umepakata mkate, unatazama mlango!

Na unadhani baba amekukasirikia. Binti, mzee wa kichochoroni akikasirika hajifungii ndani. Anatoa kiti mapema kuliko wenzake, anakaa katikati, anakusema mpaka maji ya supu yakauke jikoni. Baba yako ameingia ndani kwa sababu akikaa nje watamwomba akuletee maneno, au watakusema vibaya mbele yake, na itabidi achague kati ya majirani wa maisha yake yote na mwanawe. Amekataa kuchagua. Kiti amekiacha ndani kwa ajili yako. Na pazia linasogea unapowasha taa kwa sababu anataka kukuona, mambo mengine haya hayahitaji profesa.

Sasa kazi. Kesho asubuhi mwandikie mkuu wako kwamba wewe ni mtoto wa kichochoro hicho na hutaki kuamua lolote kuhusu ukuta. Andika kabla hawajakuambia wao. Utatolewa kwenye ukuta tu, na mabomba, sola na karakana utabaki navyo, na kama ni watu wa haki watakuheshimu zaidi. Ukishakuwa huna mamlaka juu ya ukuta, unao mdomo. Mkutano ujao kaa kulia, na useme ulichoniandikia mimi, bila michoro: kwamba pale pana uhai kwa sababu hapatokei, na wanaokwenda maabara wazungukie barabara ya pili, hawatakufa kwa kutembea. Muulize Profesa pia, kwa adabu, mtaa wa ubunifu usiojua saa ya vermut unamuunganisha nani na nani.

Nawe Bi Roser, maana najua unasoma hapa ukiwa umevaa miwani ya marehemu mumeo: swali lako lilichekesha, lakini ulimuuliza mtoto mbele ya baba yake. Januari joto la mabomba utalifurahia kama wengine. Mwache msichana awe vyote viwili, hata wewe ni jirani na ni mdomo.

Sikuahidi ushindi, Queralt. Huenda ukasema yote hayo na ukuta ukavunjwa vilevile, nimeshaona maneno mazuri yakipigiwa makofi kisha yakawekwa kabatini. Lakini umeniuliza habari ya ukuta na hamu yako siyo ya ukuta. Mipango ya namna hii huchukua miaka ishirini kukamilika, nayo itakungoja. Baba yako hana miaka ishirini. Usingoje mkutano wala jibu la Profesa. Leo, kabla ya kwenda kwenye treni yako, shuka ukagonge mlango, na akikuambia umekonda, kubali.