Wanataka Niseme Redioni Kwamba Mume Wangu Hakulia

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimepewa karatasi nisome mbele ya watu, na kila nikiifungua naikunja tena.

Mimi ni mjane, nashona sare kiwandani, elimu yangu ni ya msingi tu. Mume wangu alikuwa mwandishi wa siasa, mkomunisti asiyejificha, aliyeandika kwamba anayetoa jasho ndiye mwenye haki ya anachokitengeneza, na serikali ya kwetu ikalifungia gazeti lake, ikawatia wenzake gerezani, sisi tukatoroka na binti yetu mgongoni, tukaishi ugenini mpaka alipofariki mwaka jana. Mimi niliingia zamu ya asubuhi sana, yeye akabaki na mashine yake ya kuandikia, kwa hiyo ndiye aliyemsuka mtoto nywele kabla ya shule, na mistari ilikwenda kombo, mtoto akilalamika baba yake alimwambia, "Vumilia mwanangu, hata mapinduzi hayaendi kwa mstari ulionyooka," nami nikirudi nafumua nasuka upya, kimya kimya.

Sasa kule nyumbani serikali imebadilika, na wenzake wa chama tulio nao huku ugenini wameandaa mkutano wa kumkumbuka, utakaorushwa na redio ya kwetu. Mwenyekiti wao, tunayemwita Miwani, ameniandikia hotuba. Ndani yake natakiwa niseme, "Hata mama yake alipofariki, mume wangu hakudondosha chozi, bali aliendelea na makala yake." Mshauri, si kweli. Alipoweka simu chini alikwenda jikoni, akasimama ameelekea ukuta, akalia kama mtoto, sufuria ikafurika mpaka ikazima jiko, na mimi sikuthubutu hata kuiepua. Makala aliimaliza, ndiyo, kesho yake. Ilihusu wale wenzake wa gerezani, na watu wa ubalozi wa nchi yetu walikuwa wamemwambia akiiacha ataruhusiwa kurudi kwetu kuzika. Sijawahi kuisamehe ile makala.

Nilipomweleza Miwani alicheka kidogo. "Shemeji, machozi ni mambo ya ndani. Watu wanakuja kumsikia mwanamapinduzi."

"Kwani mwanamapinduzi hana mama?" binti yangu akamuuliza.

"Wewe mtoto, mimi nimekubeba ukiwa na nepi!"

"Asante kwa kunibeba, baba mdogo, lakini jikoni kwetu siku hiyo hukuwepo."

Ningenyamaza, ila yuko wifi yangu, dada wa marehemu. Mtaani kwao wamemsimanga miaka yote kwamba kaka yake ana moyo wa jiwe, hakuja hata kumzika mama yake. Amenipigia akasema, "Wifi, siku hiyo nitawaita majirani wote wasikilize, wajue kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani." Nikisoma ile karatasi nitakuwa nimewapa majirani fimbo. Nikikataa, namvunjia heshima Miwani, aliyekesha nasi hospitali na kubeba jeneza. Moyoni nataka niseme ya nyumbani tu, siasa nisiiguse, na hiyo makala nisiitaje kabisa. Je, nitakosea?

Fundi wa Sare

JIBU

Mama, shikamoo yako nairudisha, nadhani mimi ndiye ninayepaswa kukuamkia. Pole sana. Mwaka mmoja kwa mfiwa ni jana.

Hotuba hiyo usiisome. Unanitajia elimu yako ya msingi kama mtu anayeomba radhi. Nani amekuambia inahitajika shahada kueleza yaliyotokea jikoni kwako? Miwani anampenda rafiki yake, sina shaka, lakini amempenda mpaka amemgeuza sanamu. Na ajabu yake! Watu waliohubiri maisha yao yote kwamba mfanyakazi ajisemee mwenyewe, leo wanamwandikia mfanyakazi la kusema.

Sasa na wewe nikukemee. Wao wamemkata mumeo nusu, nawe unataka kumkata nusu iliyobaki. Ukitaja machozi ukaificha makala, majirani wa wifi yako watauliza: kama alilia, mbona hakuja? Jibu limo ndani ya makala hiyohiyo usiyoitaka. Aliambiwa achague kati ya kaburi la mama yake na watu walio hai gerezani, ambao nao walikuwa na mama zao. Alichagua, na uchaguzi ule ukamliza. Hulazimiki kuisamehe makala, mama. Unalazimika kuitaja.

Leo mpigie wifi umweleze yote, asiyasikie mara ya kwanza huku majirani wakimtazama usoni. Kesho nenda kwa Miwani na binti yako. Usiombe ruhusa, mpe taarifa. Mshukuru kwa hospitali na kwa jeneza, umshukuru sana, kisha ushikilie msimamo wako, kwa kuwa fadhila haimpi mtu haki ya kukupangia la kusema. Mambo ya chama asome yeye, anayajua. Na nywele za mtoto zitaje. Watu wakicheka, wacheke.

Jumamosi simama useme kwamba aliandika na kwamba alilia, yote mawili kwa pumzi moja. Sauti ikitetemeka iache itetemeke, huendi pale kuimba. Ukumbi utajaa wasomi wanaojua kila alichokiandika mumeo, lakini anachotaka dada yake majirani wakisikie, wewe ndiye uliyekiona.