Sauti Iliyolaza Moto

Tunduma, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kikohozi cha Baba kimepungua. Huko Mbebe mvua zimeshaacha? Hapa asubuhi ukungu unateremka hadi kwenye foleni ya malori, nami husimama mlangoni nikidhani niko kwetu, mpaka honi inizindue. Mimi sijambo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijamaliza.

Fundi Amosi, anayenifundisha kazi, anatengeneza spika za makanisa na za baa, zote zinakaa meza moja bila kugombana. Majuzi dereva wa lori kutoka Zambia alileta redio yake. Akiwa anasubiri, akatuambia ameona kwenye simu watu wakizima moto kwa sauti.

Fundi akacheka. "Basi kwaya zetu zingeshazima hata jua!"

"Si kuimba, mukwai," dereva akasema, kwa neno la heshima la kwao. "Sauti nzito, ile unayoisikia kifuani."

Tukajaribu. Tulifunga spika ya besi kwenye mdomo wa ndoo ya rangi, tukatoboa kitako, tukawasha mshumaa mbele ya tundu. Fundi akaishusha sauti ikawa nzito mpaka masikio yakasikia kidogo tu, lakini mbavu zangu zilitetema. Mwali ukainama, ukawa mwembamba, ukaondoka. Hakuna aliyepuliza, Mama. Dereva alisema sauti hiyo inasukuma hewa mbele na nyuma upesi, moto unashindwa kukaa mahali pake. Nilirudi nyumbani kama naota. Moto wa chapati, moto wa mahindi ya kuchoma, wote niliuona kama kitu kinachosikiliza.

Sasa Alhamisi, Fundi alikuwa akisafisha vifaa kwa spiriti, cheche ikaruka, bakuli la spiriti likawaka katikati ya nyaya. Nikakimbilia maji.

"Si maji! Umeme huo!" alipiga kelele. Mkono wa shati lake ulishashika moto. Akatoka nje kuuzima mchangani, nikabaki peke yangu. Swichi kubwa iko ukutani nyuma ya meza, na mwali ulikuwa mrefu, singeweza kuifikia. Nikaikokota ile ndoo ya besi, nikaielekeza, nikafungua sauti. Mwali ukayumba, ukachanua, nikadhani nimeuchochea. Halafu ukakatika. Nikafunga sauti, kukawa kimya cha ajabu, kama kanisani baada ya sala. Lakini kitambaa kando ya bakuli kilikuwa bado kinafuka, kikawaka tena, maana sauti haipoozi kitu. Nikaulaza mwali mara ya pili, nikaruka kuzima swichi, nikamwaga mchanga juu ya vyote.

Fundi alirudi ameshika mkono wake. "Umezima na nini?"

"Na besi."

Akakaa chini sakafuni, akacheka, kisha akalia. Mkono umefungwa bandeji, daktari anasema utapona.

Nilipokuwa nafagia ule mchanga, Mama, niliona lazima nikuambie. Lile jiko letu lililoungua nikiwa darasa la sita, mnasema mpaka leo ni upepo. Haukuwa upepo. Uliniachia moto niuangalie, nikaacha kuni zimetokeza nje ya mafiga, nikaenda kusikiliza kwaya ikijifunza. Wewe ukaingia kunitafuta, ukiita jina langu, nami sikuwamo. Bega lako liliungua kwa ajili ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kanisa, anatikisa kichwa. Nilisikia kelele, nikaja, nikakuta umeshatolewa. Ukanikumbatia. Nikanyamaza, miaka yote hii.

Nisalimie Baba, na umsomee yote. Msalimie dada Lusekelo na mumewe, na Bibi mzaa baba, mwambie nimemnunulia kitenge. Barua hii anakuletea shangazi Eliza, aliyekuja kuuza viazi.

Jumamosi nakuja. Nitasimama uani kwanza. Ukiniita, nitaingia.

Mwanao,
Atupele