Waliofungua Makala ya Eliamani

Jumatatu, 4 Machi 2002
Nimefungua kafe ya intaneti, nimefuta vumbi. Mtandao unasuasua kama kawaida. Nimetazama makala ya kaka Eliamani, yule aliyeko chuo kikuu Ulaya. Chini kuna namba ya waliofungua. Haijasogea. Anaandika kuhusu nyutrino, chembe zilizobaki tangu ulimwengu unaanza. Anasema zinatupita mwilini hatuzisikii. Sielewi. Mama naye haelewi, ila kila akishuka gulioni kutoka kijijini ananiuliza wangapi wamesoma.

Jumatano, 6 Machi
Namba imeruka. Watu mamia. Nilidhani kompyuta imeharibika. Mzee Hamisi, mwenye kafe, akavaa miwani akatazama.
"Labda katangazwa redioni," akasema.

Alhamisi, 7 Machi
Imepanda tena. Nimemwandikia kaka. Kimya. Mama ameshuka na maharage, nikamwambia. Akakaa kwenye benchi akacheka peke yake.

Jumapili, 10 Machi
Nyumbani kijijini Vudee, kanisani. Mama ametoa sadaka ya shukrani. Mchungaji kamtaja Eliamani, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Kaka bado kimya.

Jumanne, 12 Machi
Mwalimu wa fizikia amekuja kuchapa mitihani. Nikamwomba anisomee watu wanaandika nini kwa Kiingereza chini ya makala. Alisoma taratibu.
"Wanasema hesabu zake zimekosewa, dada. Kila mtu anafungua akaone."
Kwa hiyo wale wote ni wasomaji au watazamaji wa ajali? Namba haisemi. Wengine huenda wanamtetea. Nimechanganyikiwa kabisa.

Ijumaa, 15 Machi
Barua pepe, mstari mmoja. "Usimwambie mama. Nakuja Pasaka."
Likizo? Amefukuzwa? Nina hasira naye. Pia namhurumia.

Jumamosi, 30 Machi
Kaka kashuka basi la mchana hapa Same. Amekonda. Tumepanda Vudee nyuma ya pikapu. Mama alikuwa amepika makande.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Wamekusoma wengi."
Nikaangalia chini. Kaka akamweleza mwenyewe.
"Walikuwa wanatazama kosa langu, mama."
"Wakaliona?"
"Wakaliona."
"Ni kosa kweli, au wanakuonea?"
"Ni kosa kweli."
Mama akamwongezea makande.
"Kanisani nitasema mwenyewe," akasema. "Wewe kula."

Jumatatu, 1 Aprili
Mvua imekatika asubuhi. Jana, baada ya ibada, mama alisimama akawaambia watu kwamba mwanawe amekosea hesabu na amerudi nyumbani kupumzika. Hakuna aliyecheka. Wengine nadhani hawakuelewa.
Leo kaka kalala mpaka jua limepanda. Sasa yuko shambani na mama, wanapalilia mahindi. Anapalilia vibaya, mama anarudia nyuma yake. Sijui kama atarudi Ulaya. Sijamuuliza. Nimebandika chai.