Jani la Isale Kwenye Bahasha ya Kustaafu

Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimerudi kutoka semina ya wanaokaribia kustaafu, mjini Moshi. Miguu imevimba kwa kukaa! Mwezeshaji kijana kabisa, suti imembana, lakini anajua. Majina yafanane kwenye karatasi zote, kuanzia barua ya ajira ya kwanza. Barua ya kuomba kustaafu ipelekwe miezi sita kabla. Na kabla hujaipeleka — hapo akatutazama mmoja mmoja — ujue utalala wapi siku ukikabidhi nyumba ya shule. "Msiniambie kwa marehemu mume wangu, sijui kwa ukoo. Mna karatasi?" Watu wakacheka. Mimi kidogo tu.

Februari natimiza hamsini na tano. Miaka thelathini na moja ya chaki, inatosha, Bwana asifiwe. Kulala nitalala Machame, kwenye kihamba cha Eliudi wangu, shamba lake la ukoo, juu kidogo ya kaburi lake. Alinionyesha pale mwenyewe akiwa mzima, kwa ule mkono wake wa kushoto. "Hapa utazeekea."

Karatasi sina.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepanda Machame na fundi Tito kupima msingi. Ukungu mzito, migomba ilikuwa inatokea mmoja mmoja kama watu. Shemeji Anaeli, mdogo wake Eliudi, ndiye anayeangalia kihamba. Hakuwepo. Mama mkwe akasema kaenda Sanya Juu sokoni.

Getini, juu ya jiwe — jani la isale, haya tunayopandia mipaka. Limefungwa fundo.

Tito akarudi nyuma. "Mwalimu, kuna mtu anakuomba msamaha."

Najua, nikamwambia, kwani mimi nimekuja huku jana? Jani hilo halikataliwi. Lakini nani? Na kwa lipi? Nikaangaza huku na huku, hakuna mtu. Basi nikaliokota, nikasema kwa sauti kuelekea migombani: "Yeyote wewe, nimekusamehe, kwa jina la Yesu!"

Nilijisikia mwepesi. Halafu migomba ikatikisika, upande mmoja tu. Upepo hakuna.

Tito alipima harakaharaka. Hata chai hakunywa.

Jumapili, 20 Julai

Nililala kwa mama mkwe. Baada ya ibada nikamsimulia, nikidhani atanisifu. Bibi Eunike ana miaka themanini na nane, na masikio mazima. Akaacha kumenya ndizi.

"Umesamehe kabla ya kuuliza?"

"Mama, si ndivyo tunavyofundishwa kanisani?"

"Kanisani ni kanisani. Jani ni jani. Sasa aliyeliweka atafanya lile alilokuja kuliombea msamaha, na wewe huna la kusema."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nilipanga karatasi zangu kwenye bahasha ya kaki: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda daraja, picha, kitambulisho. Jina limefanana kote, asante Mungu. Nikafungia bahasha kwenye sanduku, ufunguo nikafunga kwenye pindo la kanga, nikaenda darasani.

Saa tisa nimeifungua tena. Kati ya barua ya kwanza na ya pili — jani la isale. Bichi. Lina umande! Hapa Mabogini, kwenye mpunga na jua hili!

Fundo limepindwa kushoto. Nikakaa chini. Eliudi alikuwa anafunga kila kitu hivyo: kamba ya mbuzi, viatu, hata mfuko wa sukari. Nilikuwa nafungua huku namsema.

Nimelitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Sikusema nimesamehe.

Alhamisi, 14 Agosti

Barua ya kustaafu imepokelewa, imegongwa muhuri. Hakuna kurudi nyuma. Nimempigia Anaeli kuhusu karatasi ya kihamba. "Njoo Jumamosi ya wiki ijayo, shemeji. Tutaongea." Sauti ya mtu aliyejifunika blanketi.

Jani halijanyauka. Siku ya nane!

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa kwenye kigoda, ndani kwa mama mkwe. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini.

Pale pa nyumba yangu pamepandwa masale mapya, mstari mnyoofu, kutoka kaburini hadi mferejini. Mpaka! Tito kasimama uani na kamba yake, hajui aifunge wapi.

Nikamwuliza Anaeli, nini hiki? Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Eliudi amempa yeye sehemu ile yote. Sahihi ni yake, nazijua herufi zile zinavyolala nyuma. Tarehe: wiki mbili kabla hajafa.

"Aliniahidi mimi, Anaeli."

"Ulikuwa Mabogini unafundisha, shemeji. Sikulaumu. Lakini nani alimgeuza kitandani miezi saba?"

Nilikuwa na darasa la saba, la mtihani. Ndivyo nilivyosema na wakati ule.

"Na msamaha niliomba," akasema taratibu. "Ukanisamehe. Nilikuwa migombani, nilikusikia."

Kumbe! Hasira ikanipanda. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikalitupa lile jani mezani. "Na hili? Nyumbani kwangu uliingiaje?"

Akalitazama fundo. Kikombe kikabaki hewani.

"Mimi nilifunga moja tu. La getini."

Mama mkwe akainama, akaligusa fundo kwa kidole. Akataja jina la mwanawe, mara moja, kama anamwita aje ale.

Nikasimama nitoke nje. Kizingitini lipo jingine. Limelowa, fundo la kushoto. Tito anaapa hajapita mtu. Nikarudi kukaa.

"Hilo usilijibu haraka," mama mkwe ameniambia. "Muulize kwanza."

Namwuliza nini, wakati karatasi nimeiona? Au yeye ndiye angeniuliza mimi nilikuwa wapi —

Nimeanza Baba Yetu mara tatu. Nakwama pale pa kusamehe. Mlango ni huo mmoja. Nitoke, lazima niliokote, nisamehe, au nilivuke. Wanautazama mkono wangu unaoandika. Nikimaliza mstari huu mkono utakuwa hauna kazi