Cyrus na Kadi za Mzee wa Anoka

Philister, uko? Tumetoka duka la kadi za kukusanya hapa Fridley sasa hivi na bwana yangu Cyrus hata kuongea hawezi.

Unamkumbuka yule mzee ambaye Cyrus anamhudumia nyumbani kwake kule Anoka. Ana kadi za wachezaji wa futboli ya Wamarekani, zile za picha watu hukusanya na kuuziana, amezitunza tangu utotoni. Juzi akampa Cyrus azipeleke zikaangaliwe thamani, kabla hajawagawia wajukuu.

Cyrus kuona kadi za zamani hazina hata plastiki ya kuzikinga, akazihurumia. Si unatujua. Cheti chake cha Form Four kililaminatiwa, kikafungwa ndani ya plastiki, siku ile ile alipokichukua. Basi akapitia ofisi ya kanisa, akazilaminate vizuri kwa ile mashine. Hakuniambia.

Leo dukani akatoa moja kwa mikono miwili. Mwenye duka akaiangalia, akaigeuza nyuma na mbele. Akauliza, "Nani alifanya hivi?"

Cyrus akasema, "Ni mimi," akitabasamu. AKITABASAMU, Philister.

Yule mtu akamweleza polepole kama daktari. Kadi inathaminiwa ikiwa vile ilitoka kiwandani, pembe zake na uso wake. Plastiki ikishashikana nayo kwa moto, basi. Sasa hii ni picha tu.

Cyrus akauliza kama inaweza kubanduliwa. Akauliza tena.

Yule mtu akamshika bega, akamwambia, "Angalau ni moja tu."

Cyrus akaibana kwapani bahasha ya zile zingine. Nikadhani ni aibu.

Tulipofika kwenye gari ndipo akaifungua. Zimebaki kumi na moja, na zote zinang'aa.