Jina Lililo Kwenye Kadi ya Kiwanda

Judith Gap, Montana
4 Septemba 1996

Mpwa wangu Dagny,

Pokea salamu zangu, na usishtuke. Ni mjomba wako Orrin, kaka wa mama yako, yule uliyemwona mara ya mwisho ukiwa na miaka tisa na pengo la meno mawili. Mimi mzima, ila magoti yamegoma. Kondoo nao wazima. Sikujua kama nina haki ya kuuliza hali ya mama yako, lakini nimeuliza.

Ardis wa kanisani kaniambia unafanya kazi kiwanda cha bastola cha Pelham na Rood, kwenye chumba cha matengenezo, unapokea bastola za watu zilizoharibika. Basi nina mgonjwa. Ni rivolva ya babu yako, aliyoinunua mpya mwaka 1938. Ukivuta nyundo, silinda haizunguki mpaka mwisho, na tundu la risasi halikai sawa na mtutu. Fundi wa hapa aliitazama akanirudishia haraka. Anasema vipuri vyake viliacha kutengenezwa yeye akiwa shule ya msingi.

Ndani ya boksi lake la zamani kuna karatasi ya waranti: kiwanda kitaitengeneza bure maisha yote. Maisha ya nani, haikusema. Naitumia kwa nyoka tu, na kwa kondoo aliyevunjika mguu. Lakini ni kitu pekee cha baba nilichobaki nacho, na sitaki kife mikononi mwangu.

Mjomba wako,
Orrin

—

Connecticut
13 Septemba 1996

Mjomba,

Shikamoo, na pole na magoti. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama, maana ilinikuta mlangoni. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, yuko Moorhead kama zamani, anakaanga lefse, zile chapati za viazi, za kanisa zima na kulalamika kwamba wenzake hawajui kusukuma unga. Jina lako halitaji. Sijamwambia umeandika. Nimwambie?

Sasa mgonjwa wako. Hapa waranti inaishi mradi kuwe na mtu anayeweza kuifanya hiyo kazi. Kwa bastola za enzi hizo tunaye mmoja tu, mzee Casimir Wojtowicz, mwenye miaka arobaini na minne humu ndani na droo ya vipuri ambayo haruhusu mtu aiguse, hata meneja. Anastaafu tarehe 20 Desemba. Siku hiyo aina yako ya rivolva inafutwa kwenye orodha, na ikija baada ya hapo tunairudisha na barua ya pole. Kwa hiyo itume wiki hii.

Halafu, Mjomba, andika kwa herufi kubwa: MSIING'ARISHE. Watu hulisahau hilo kila mwaka. Vijana wetu wana huruma ya kijinga, wanaipiga rangi mpya ipendeze, kisha mjane anafungua boksi analia kwa sababu pale palipochujuka kwa kidole cha mumewe pamekuwa papya. Nimewapokea wengi kwenye simu.

Mpwa wako,
Dagny

—

Judith Gap
21 Septemba 1996

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Nimeituma jana kwa gari la vifurushi, na MSIING'ARISHE nimeiandika pande zote nne za boksi, mpaka karani akaniuliza kama ni jina la mtu.

Mama yako usimwambie kwanza. Ugomvi wetu wa siku ya mazishi huujui, ulikuwa mdogo. Alidai baba alimwachia yeye hiyo rivolva. Mimi nilisema hakuna aliyelisikia neno hilo. Akapakia watoto kwenye gari, na ndiyo ikawa mwisho, miaka ishirini na miwili sasa.

Mshukuru mzee Casimir kwa niaba yangu.

Mjomba wako,
Orrin

—

Connecticut
10 Oktoba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Rivolva ilifika. Mzee Casimir aliipenda, akaitikisa sikioni, akasema ni kijino kinachosukuma silinda tu, kimelika. Anacho kipya kwenye droo yake. Ni kazi ya asubuhi moja.

Lakini kila bastola iliyotoka hapa ina kadi yake, na kwa hizi za zamani sheria ya kiwanda ni moja: haiguswi bila sahihi ya mtu ambaye jina lake limeandikwa mwisho kwenye kadi. Nilikwenda kuitafuta yako nikijua nitakuta jina la babu. La babu lipo, limekatwa. Chini yake, mwaka 1971: Signe Halvorsen, binti.

Ilikuja hapa mwaka huo kupunguzwa mpini. Barua iliyokuja nayo bado imebanwa na kadi, kwa sababu hapa hakitupwi kitu. Nimeitolea nakala, hii hapa. Inasema: "Baba mkono umepooza, ananiambia niandike. Kuanzia leo hii ni ya dada yangu Signe, maana ndiye anayekaa naye malishoni. Punguzeni mpini utoshee kiganja chake."

Haina sahihi, Mjomba. Ila barua yako ya Septemba iko mezani kwangu, nimeziweka mbili hizi pamoja. Sikuhukumu. Lakini sahihi inayotakiwa ni ya mama, na fomu nimeiambatisha.

Mpwa wako,
Dagny

—

Connecticut
18 Novemba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sasa kimya. Nilimpigia Ardis, kasema u mzima na unaonekana kanisani, umekaa benchi la nyuma. Basi afya naijua, lililobaki ni neno lako.

Mzee Casimir anasafisha meza yake. Droo ile kaigawa, ila kijino chako kakiweka kwenye mfuko wa shati. Ananiuliza kila Ijumaa, namjibu bado. Ijumaa meneja alimwambia airudishe tu rivolva, akamjibu kwamba yeye ana mwezi mzima na hana haraka.

Fomu ukiichana, sema. Mimi nitabaki kuwa mpwa wako.

Dagny

—

Judith Gap
25 Novemba 1996

Mpwa wangu,

Salamu, na asante kwa kunivumilia. Fomu sijaichana. Imekaa mezani tangu Oktoba, nakula pembeni yake.

Ni mwandiko wangu. Mimi niliandika, mimi niliifunga boksi, mimi niliipeleka ofisi ya mizigo. Siku ya mazishi nikasema mbele ya watu wote kwamba hakuna aliyelisikia neno la baba, na mama yako akanitazama akidhani labda baba alimdanganya. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilimwibia bastola, sawa, lakini nilimfanya amtilie shaka baba yake. Nilikuwa na wivu. Mimi ndiye mwana mkubwa, na malishoni alimchukua yeye.

Nilianza barua kwa Signe mara sita. Maneno haya hayafai kutumwa kwa posta. Jirani atalisha kondoo, nami napanda basi Billings Jumatatu ijayo. Hajui kama naenda kwake. Ukimwambia atafunga mlango, na atakuwa na haki.

Nishukurie kiwanda chenu kwa kunikatalia. Wangeitengeneza kimyakimya, ningekufa na huo uongo.

Mjomba wako,
Orrin

—

Moorhead, Minnesota
6 Desemba 1996

Dagny mpwa wangu,

Nakusalimu kutoka jikoni kwa mama yako. Mimi mzima. Yeye ana mafua kidogo na anasema nisikuandikie hilo.

Nilifika Jumanne, theluji hapa imefika mpaka shavu la mguu. Alifungua mlango akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Billings, ikanitoka yote kichwani. Nikampa nakala ya barua ile na nikasema, "Signe, baba aliniambia mimi. Niliandika kwa mkono wangu, kisha nikakana."

Alijifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma pale pale mlangoni huku baridi ikiingia ndani ya nyumba. Akairudia. Alipofika pale baba anaposema ndiye anayekaa naye malishoni, aliweka kidole hapo akakaa nacho muda mrefu. Mimi nilishika kofia, nimeshajua njia ya kurudi stendi.

Fomu hii hapa, ina sahihi yake. Aliisoma mstari kwa mstari, akaniuliza Casimir ni nani, nikamweleza habari ya kijino na mfuko wa shati, akacheka mpaka akakohoa. Natuma leo kwa njia ya haraka, itawahi kabla ya tarehe 20. Itumeni kwa duka la silaha lenye leseni hapa Moorhead, kwa jina lake. Mzee huyo mwambieni kuna familia inamtaja kwenye sala ya chakula, na si utani, mama yako kamtaja jana. Nawe pia. Nakushukuru, mpwa wangu, kuliko ninavyojua kuandika.

Lakini utataka kujua alisema nini pale mlangoni. Aliikunja barua ya baba akaitia mfukoni mwa aproni, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Umekula?" akasema.

Mjomba wako,
Orrin